Madumu Kumi na Saba: Kisa cha Kijiwe Kilichoikimbia Bei ya Petroli

Daftari ninalolisoma ninapoandika haya lina ukurasa mmoja ulioharibika, wa mwisho wa Mei 2022. Petroli ilimwagikia pale, wino wa bluu ukatawanyika, na kati ya majina 22 yaliyochanga shilingi 50,000 kila moja, matatu hayasomeki. Hayo matatu ndiyo yaliyoleta balaa baadaye, maana kila aliyetaka kudai hakuwamo kwenye mpango alisema jina lake si lolote kati ya yale yanayoonekana.

Mimi si dereva. Nilikuwa nawaandikia hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja upande wa Nkuhungu hapa Dodoma, kwa sababu chumba nilichopanga kinatazamana na mwarobaini wanapopaki. Wananiita mwalimu. Majina yao siweki, na sheli walikonunua siitaji, kwani wapo ambao mpaka leo hawasalimiani.

Kilichotokea

Vita ya Ukraine ilianza Februari 24, 2022. Kufikia Aprili bei kikomo, yaani ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kuuza, ya petroli kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,861 kwa lita, Mei ikawa 3,148. Dodoma tunaongezewa makumi ya shilingi ya kuyasafirisha kutoka bandarini, lakini humu nitatumia bei za Dar kwa kuwa ndizo zilizokuwa midomoni mwa kila mtu.

Ongezeko la mwezi mmoja ni shilingi 287. Anayeunguza lita nne kwa siku anapoteza 1,148 kabla hajala, na hesabu ya tajiri mwenye pikipiki iko palepale, shilingi 8,000 kila jioni, kuwe na vita kusiwe na vita. Abiria naye, aliyezoea kulipa buku kutoka Nkuhungu mpaka Sabasaba, hataki kusikia habari za Ukraine. Ukimwambia buku na mia tano anashuka, anatembea.

Mei hiyohiyo serikali ikatangaza, na Bunge likaelezwa hapa hapa Dodoma, kilomita chache kutoka kwenye ule mwarobaini, kwamba kuanzia Juni mosi itaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kushusha bei ya mafuta. Redio zote zilisema. Kijiweni tangazo lilipita kama upepo wa Dodoma: kila mtu alilisikia, hakuna aliyefunga dirisha.

Walichokiamini ni sauti iliyorekodiwa, iliyokuwa ikizunguka WhatsApp. Mtu mwenye sauti nzito ya kisomi anasema mafuta ya dunia yamebaki ya miaka hamsini, wakubwa wanajua, na bei hizi ni mwanzo tu. Katibu wa kikundi aliipiga mara mbili siku ya mkutano, simu kaiinua juu ili na wa nyuma wasikie.

"Mnasikia jamani? Miaka hamsini. Hii bei hairudi nyuma. Jumatano tutakuwa tunanunua kwa elfu nne."

Mzee wa kijiwe, dereva mstaafu wa malori mwenye pikipiki mbili mikononi mwa vijana, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi mafuta yameanza kuniishia sijaota hata ndevu. Tulikatazwa kuendesha gari Jumapili mchana. Wakasema yanakwisha. Yako wapi yaliyokwisha?"

"Sasa mzee wangu, tununue tusinunue?"

"Nunueni. Hayaishi, ila watapandisha. Uliwahi kumwona nani akashusha?"

Kijana mmoja anayetoka Chemba naye akadakia kwamba kwao watu wamepimiwa mashamba kwa ajili ya bomba la kutoka Uganda, sasa mafuta yataishaje na ndiyo kwanza bomba linaletwa? Kisha akatoa elfu hamsini yake akaiweka juu ya zile nyingine.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliwakumbusha habari ya ruzuku. Mmoja akanitazama: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?" Nikasema tusubiri tuone. Jibu la mtu asiyetaka lawama, na nimelijutia kuliko hasara yenyewe.

Tazama kilichofanyika pale. Wa kwanza anaamini mafuta yanaisha. Wa pili anaamini hayaishi hata kidogo. Wa tatu anajua mashamba ya kwao yamepimwa kwa ajili ya bomba. Imani zao zinagongana kama mbuzi dume, lakini wote watatu walichangia dumu lilelile. Kilichowaunganisha ni kwamba hakuna aliyeamini bei inaweza kushuka kwa sababu mtu fulani ametamka hivyo. Kisa chote kinakaa hapo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana wa boda "walidanganywa na WhatsApp". Mzee hakudanganywa na WhatsApp. Aliicheka, na bado akanunua.

Manunuzi yalifanyika usiku mbili mfululizo. Madumu 17 ya njano ya lita ishirini ishirini, yale yaliyowahi kubeba mafuta ya kula, yakasuguliwa kwa sabuni na mchanga. Sheli nyingi hukataa kujaza madumu, na zina haki. Hapa mtu alimjua mtu. Jumla lita 340. Yakawekwa kwenye stoo ya nyuma ya nyumba ya mmoja wao, bati juu, tofali mbichi pembeni.

Mei na Juni Dodoma ni baridi ya asubuhi na jioni, lakini saa saba mchana bati linawaka. Kufikia mchana wa siku ya kwanza yale madumu yalikuwa yamevimba matumbo kama ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ukilegeza mfuniko, pssss, harufu inakupiga machoni. Mfuniko mmoja haukuwa wake, uliazimwa kutoka dumu jingine, ukawa unavuja kidogo kidogo. Mama mwenye nyumba alikuwa anachochea mkaa hatua kumi kutoka pale. Alinusa, akasimama, akamwaga maji kwenye jiko zima, ndipo akaja kuuliza. "Nyie watoto mnataka kutuzika leo?" Usiku ule yakahamishwa kwa bajaji, daftari likiwa kwenye kiti pamoja na lile dumu linalovuja. Ndiyo asili ya doa. Ninapolitazama nafikiria lile jiko zaidi ya fedha.

Jumatano, Juni mosi, bei kikomo ya petroli Dar ikatangazwa: 2,994. Imeshuka shilingi 154.

Hesabu ya nyuma ya daftari

154 mara 340 ni shilingi 52,360. Ukiongeza lita sita zilizovuja unafika kama 70,000. Gawa kwa watu 22: shilingi 3,200 hivi kila mmoja, lita moja na kidogo. Kwa hasara ya lita moja watu waliojuana miaka saba walitukanana mpaka mwenyekiti akazima simu. Niliwaonyesha hesabu hiyo nikidhani itatuliza. Ikachochea. Kama hasara ni ndogo hivyo, mmoja akasema, basi katibu alilipwa na nani atuingize?

Aliyetulia ni mzee. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda changu, akauliza swali ambalo ilibidi liulizwe kabla ya kununua: "Mwalimu, hilo pipa wanalolitaja redioni ni lita ngapi?"

Lita 159. Tukaanzia hapo. Mei ile pipa la mafuta ghafi lilikuwa likicheza kwenye dola 110 hivi. Gawanya kwa 159, zidisha kwa dola iliyokuwa shilingi 2,300 na ushei, unapata karibu shilingi 1,600 kwa lita. Hayo ni mafuta ghafi, meusi, huwezi kuyatia kwenye pikipiki. Sisi hatununui ghafi. Kiwanda chetu cha kusafisha cha TIPER, Dar es Salaam, kilijengwa miaka ya 1960 na kikaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi ni matanki ya kuhifadhia. Tunanunua petroli iliyokwisha kusafishwa, kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja, kwa bei inayofuata soko la Ghuba ya Uarabuni, na petroli safi ina bei yake juu ya ghafi. Juu ya hapo kuna meli na bima, bandari, faida ya muagizaji, faida ya mwenye sheli, lori la kuja Dodoma. Na kodi.

Kwenye kodi mzee alipiga paja. "Si nilisema?"

Alisema, na kwa kiasi alikuwa na haki. Ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya petroli hutozwa kwa lita, kiasi kilekile, bei ya dunia ipande ishuke. Kipindi kile zikijumlishwa zilikuwa takriban shilingi mia tisa kwa lita ya petroli, pamoja na ile shilingi 100 iliyoongezwa kwenye bajeti ya 2021/22 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Kwa hiyo pipa likishuka nusu, bei ya pampu haishuki nusu. Ina sakafu. Lakini kwa sababu hiyohiyo, pipa likipanda mara mbili kodi hizi hazipandi mara mbili. Mzee aliipenda nusu ya kwanza ya maelezo. Nusu ya pili aliisikiliza akitazama barabarani.

Kisha akatoa karata yake kubwa, mwaka 2020. Anaukumbuka kwa sababu mwanawe alimsomea habari kwenye simu: Aprili 20, 2020, mafuta ya Marekani yaliuzwa dola 37 chini ya sifuri. Muuzaji anamlipa mnunuzi. "Na sheli walitupa bure? Wala." Ni kweli, hawakutoa bure. Wakati bei ilipofika chini kabisa mwaka ule, Juni, petroli Dar ilikuwa shilingi 1,500 na ushei.

Kilichouzwa chini ya sifuri siku ile ilikuwa mikataba ya karatasi ya kupokea mafuta mwezi Mei, mji wa Cushing, jimbo la Oklahoma. Korona ilikuwa imefunga dunia, matanki ya Cushing yanajaa, na waliokuwa na ile mikataba hawakuwa na pa kuyaweka mafuta. Ni kama umeshinda mnada wa ng'ombe arobaini pale mnadani Msalato, jua linazama, huna zizi, huna lori, na ushuru wa kulaza mifugo ni wako. Utamlipa mtu awachukue. Kesho yake ng'ombe bado wana bei. Mapipa mengi mengine duniani hayakufika huko, na petroli iliyosafishwa ikasafiri, ikalipiwa kodi, ikafika hapa kwa bei ya chini kuliko tulivyozoea, ingawa kwa kuchelewa.

Ucheleweshaji huu ndio unaozaa wasiwasi mwingi kuliko kodi. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini bei hiyo imetokana na shehena zilizonunuliwa wiki nyingi nyuma. Mtu anasikia asubuhi kwamba mafuta yameshuka London, anaenda sheli jioni, anakuta bei ileile. Anasema wezi. Mwezi unaofuata inashuka yeye akiwa ameshasahau, na siku ambayo pipa limepanda ndiyo anatazama ubao.

Kutoamini kwao hakukuanza jana

Mwandishi wa mjini akiona watu hawaamini takwimu, haraka anasema elimu ndogo. Mimi nimekaa nao. Wana kumbukumbu.

Neno "kuchakachua" lilitoka wapi mpaka likaingia kwenye kura na mapenzi? Lilitapakaa nchi nzima kwa ajili ya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo ili mwananchi awashe taa. Wajanja wakayachanganya na dizeli na petroli, injini zikafa. Mwaka 2010 vikaanza kuwekwa vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita ili mchanganyiko usiwe na faida. Uchakachuaji ulipungua, na mama wa kijijini asiyewahi kumiliki hata baiskeli akalipia kosa la wenye malori ya matanki.

Agosti mwaka huohuo EWURA ilishusha bei, na baadhi ya wafanyabiashara wakagoma kuuza. Sheli zimefungwa, mafuta yamo, foleni mpaka barabara kuu. Kwa hiyo mzee anapouliza "nani akashusha", anajua kwamba ilipopungua, pampu zilifungwa. Huwezi kumlaumu kwa kukumbuka.

Kosa lake liko kwingine. Amejifunza kwamba wauzaji wanaweza kudanganya, akahitimisha kwamba kila tarakimu ni uongo. Lakini bei kikomo ni tarakimu ambayo unaweza kuikagua: unabonyeza *152*00#, unafuata maelekezo, unapata ya mji wako, unalinganisha na ubao wa sheli na risiti ya pampu. Kati ya wale 22, niliouliza, wawili tu walikuwa wamewahi kuomba risiti. Tena kijiwe kizima kilikuwa kikinunua mafuta ya chupa barabarani kila pikipiki inapozima, chupa ya maji ya lita moja ambayo haijai lita, kwa bei iliyo juu ya kikomo, bila kumshuku yule dada wa chupa hata siku moja. "Yule tunamfahamu," wakaniambia.

Miaka hamsini ya kwenye simu

Sasa ile sauti. Nilitegemea kukuta tarakimu ya kubuni. Nikakuta ya kweli.

Kufikia mwaka 2020 akiba ya mafuta iliyothibitishwa duniani ilikadiriwa kuwa mapipa trilioni 1.7. Dunia inatumia karibu mapipa milioni 100 kwa siku. Gawanya, unapata miaka arobaini na saba au hamsini. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiba iliyothibitishwa ilikuwa mapipa bilioni 680 hivi, yaani kama miaka thelathini kwa matumizi ya wakati ule. Katika miaka 40 iliyofuata dunia ikachoma zaidi ya mapipa trilioni moja, kuliko yote yaliyokuwa yameandikwa, na mwisho wake akiba ikawa kubwa kuliko mwanzo. Mzee akisikia hivyo anashangilia. Naye asishangilie mapema.

Anayetoka Ugogo anajua kuchimba maji kwenye korongo. Mto ukikauka, maji hubaki chini ya mchanga. Juni unafukua kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, unachota kwa kata. Agosti shimo linafika kiunoni. Oktoba mmoja anaingia ndani, kichwa hakionekani, anapandisha ndoo juu. Sasa niulize mwezi wa sita: korongo hili limebaki na maji ya siku ngapi? Siwezi kujibu mpaka uniambie utachimba hadi wapi, na ndoo utaiuza shilingi ngapi. Kama ndoo ni mia mbili, nitachimba mpaka kiwiko na kusema yamekwisha. Kama ni elfu moja, nitaita vijana wenye sururu. Akija mtu na mashine ya kisima, hesabu yote inaanza upya.

"Akiba iliyothibitishwa" ni maji ya kwenye kiwiko. Ni yale yanayoweza kutolewa kwa faida, kwa bei ya leo, kwa vifaa vya leo. Bei ikipanda, akiba inaongezeka bila mtu kugundua kisima kipya. Sauti ya WhatsApp ililisoma neno hilo kana kwamba dunia ni simtank, unagonga ubavuni unasikia yamefika wapi.

Aprili 1977 Rais Jimmy Carter aliwaambia Wamarekani kwamba matumizi yakiendelea kukua vile, dunia ingeweza kumaliza akiba yote iliyothibitishwa ifikapo mwisho wa muongo uliofuata. Masharti yale, "yakiendelea" na "iliyothibitishwa", yalidondoka njiani, na kilichomfikia kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kuendesha lori kilikuwa: yanaisha. Mtabiri mwingine, mjiolojia M. King Hubbert, alisema mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa mafuta wa Marekani utafika kileleni kati ya 1965 na 1970 kisha uteremke. Ulifika kileleni 1970. Alisifiwa miaka arobaini. Halafu wakaja watu wa kupasua miamba kwa maji ya shinikizo, na kufikia 2018 Marekani ikapita kile kilele. Hubbert hakukosea kuhusu mafuta aliyoyapima. Mashine ya kisima ilikuwa haijaja.

Na wenye kutunza hesabu za akiba wenyewe wana doa lao. Miaka ya 1980 nchi kadhaa za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, wakati mgawo wa uzalishaji ukihusishwa na ukubwa wa akiba, ziliongeza akiba zao kwa mabilioni ya mapipa bila kugundua chochote kikubwa. Januari 2004 kampuni ya Shell, ile iliyotuachia neno sheli, ilikiri kwamba asilimia 20 hivi ya akiba iliyokuwa imeiandika haikustahili kuitwa hivyo. Kwa hiyo ukiniambia huamini takwimu za akiba, nitakuuliza tu: huamini kwamba ni ndogo, au huamini kwamba ni kubwa? Kijiweni walizoea upande mmoja tu wa shaka.

Ila chini ya mchanga kuna mwamba. Hapo ndipo ninapoachana na mzee. Visima vile vya kupasua miamba hutoa sehemu kubwa ya mafuta yake mwaka wa kwanza na wa pili, kisha vinashuka haraka, ni kuchimba vingine na vingine. Mafuta ya kwenye kiwiko yalishachotwa na babu zetu. Yanayobaki yapo, lakini kila ndoo inadai sururu zaidi.

Kijana wa Chemba alistahili jibu lake pia. Bomba lile la kutoka Uganda, EACOP, lina kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kwa kweli linapita Singida na Dodoma. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022, miezi minne kabla ya madumu yetu. Kati ya mapipa bilioni 6.5 yanayokadiriwa kuwa chini ya ardhi kule Ziwa Albert, yanayotarajiwa kutoka ni bilioni 1.4 hivi. Mengine yatabaki mwambani. Likifika kasi yake ya kawaida litapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Nilimfanyia hesabu kwenye mchanga kwa kijiti: dunia inayamaliza hayo kwa dakika tatu. Bilioni 1.4 zote, wiki mbili. Akanyamaza, kisha akauliza kama angalau watamwagia kidogo pale Chemba. Ni mafuta ghafi mazito yenye nta, yanapashwa moto njia nzima ili yasigande, na yanakwenda melini. Mpaka yarudi Chemba yakiwa petroli yatakuwa yamezunguka bahari na yatauzwa kwa bei ya Ghuba kama mengine.

"Kwa hiyo yanapita tu," akasema.

Yanapita tu.

Julai na Agosti

Juni ile walikaa kikao cha kugawana madumu. Wengi walichukua sehemu yao wakaimalizia kwenye tenki ndani ya wiki. Watu wanne walilazimisha wauziwe wenzao sehemu zao kwa bei mpya, wakachukua hasara yao taslimu wakatoka kwenye kikundi. Katibu alijiuzulu kwa ujumbe wa simu. Yule aliyekuwa na stoo alibaki na madumu mawili ya watu waliokataa hata kuja kuyachukua, na mama mwenye nyumba akamwambia yasirudi pale au atoke nayo. Akayapeleka kwa shemeji yake Ihumwa, kwenye kibanda kisichokaliwa.

Julai bei kikomo Dar ikawa 3,220. Agosti, ruzuku ikiwa bado ipo, ikafika 3,410.

Yaani kama wangeweka lita 340 mpaka Agosti, kwenye karatasi kila lita ingekuwa na faida ya shilingi 262. Karatasi haina jua wala mfuniko unaovuja, na sidhani zile lita zingefika Agosti zikiwa 340. Lakini yule mwenye madumu mawili aliyafungua Ihumwa, akayakuta yamepungua vidole vitatu hivi kila moja, akayauza kwa chupa. Habari ikafika kijiweni kabla yake.

Ndipo ugomvi ukaanza upya, mkali kuliko wa Juni. Sasa ilikuwa wazi kwao kwamba yule mwenye stoo alijua. Alijua itashuka, alijua itapanda, na majina matatu yasiyosomeka yalifutwa makusudi. Nilifungua daftari mbele yao, nikawaonyesha doa, nikawanusisha. Harufu ilikuwa bado ipo. Mmoja alininong'oneza baadaye kwamba petroli ni rahisi kumwagia karatasi.

Mimi naamini hakujua. Hakuna aliyejua, hata wale wanaoishi kwa kununua na kuuza mafuta London. Mwaka 2008 pipa lilikuwa dola 147 mwezi Julai na kufikia Desemba lilikuwa limeshuka chini ya 40. Nani wa Nkuhungu angelijua la Juni hadi Agosti?

Kikundi kilifufuka mwaka uliofuata kikiwa na watu 13 na daftari jipya, ambalo siliandiki mimi. Pembeni ya mwarobaini wametundika kipande cha bati. Kila Jumatano ya kwanza mtu anaandika bei mpya kwa mkaa, chini ya ile ya zamani, hawafuti. Mzee ndiye anayebonyeza *152*00#. Anasoma, anasonya, anampa kijana wa kwanza simu asome, naye anampa wa pili, mpaka ikizunguka wote na kumrudia, ndipo mtu anaokota mkaa.